Jibu: WhatsApp yangu imetekwa, ndugu zangu wanaombwa hela
Pole sana, ndugu. Umesema ulimpa "rafiki" zile namba 6 za SMS, akaunti ikakutoa, sasa ndugu zako wanaombwa hela. Yalinikuta mwaka jana. Mama mdogo alishafika kwenye kuweka namba ya siri ili atume hela.

Kwanza angalia kama laini yako bado inapokea SMS. Kama inapokea, fungua WhatsApp, andika namba yako, omba msimbo upya. Ukiuingiza tu, yule mwizi anatolewa. Ukidaiwa PIN usiyoijua, ujue ameiweka yeye, na itabidi usubiri siku 7 ndipo uingie bila hiyo PIN. Usihangaike: msimbo wa SMS ukishakubali, naye hayumo, hata kama wewe bado uko nje.

Wakati huo wapigie watu simu. Mimi nilianza na wale wepesi wa kutuma bila kuuliza.

Ukirudi ndani, fungua Vifaa vilivyounganishwa (kwenye Android bonyeza nukta tatu za juu, kwenye iPhone nenda Mipangilio), toa kila usichokitambua. Hapa ndipo wengi husahau! Halafu washa uthibitishaji wa hatua mbili, uweke PIN yako na barua pepe ya kuirejeshea.