Tuanze na sauti

Mmeuliza wiki hii: Kongo ikitunga sheria ya akili bandia, iige ya nani? Mimi nakaa Katuba, hapa Lubumbashi, na jibu langu linatoka kwenye likelemba yetu, yaani mchango wa zamu, kila mara mmoja wetu anapokea.

Siku moja sauti ya mama anayetutunzia pesa iliingia kwenye grupu ya WhatsApp: zamu imebadilika, tumeni kwa namba hii mpya. Ni yeye kabisa, hata kile kikohozi chake. Watu wanne wakatuma. Mwenyewe alikuwa sokoni, simu imezimika; sauti ile ilikuwa bandia.

Basi nikisoma sheria za wenzetu, natafuta kwanza wamesema nini juu ya sauti. Ulaya wana sheria nene iliyoanza 1 Agosti 2024. Inapanga mashine kwa ukubwa wa hatari, na faini yake hufika euro milioni 35 au asilimia 7 ya mauzo ya kampuni duniani kote. Kazi safi, lakini inataka wakaguzi wengi, na sisi hata umeme tunaupata kwa zamu.

Uchina, tangu 1 Septemba 2025, kilichotengenezwa na akili bandia lazima kibebe alama, moja ya kuonekana au kusikika, nyingine iliyofichwa ndani ya faili. Hiyo naipenda. (Kanuni zao za 2023 zinaitaka pia mashine ifuate maadili ya kijamaa; hapo mimi simo.) Ila mwizi gani atajibandika alama?

Wamarekani ndio walionishangaza. Amri ya Biden ya 2023 juu ya akili bandia ilifutwa na Trump siku ile ile aliyoapishwa, 20 Januari 2025. Lakini mapema 2024, sauti bandia ya Biden ilipowapigia simu wapiga kura wa New Hampshire, tume yao ya mawasiliano haikungoja bunge. Ilichukua sheria ya 1991 inayobana simu za sauti za mashine zisizo na ruhusa, ikatamka kwamba sauti bandia nayo imo humo. Mwaka huo huo jimbo la Tennessee likalinda sauti ya mtu kama mali yake.

Sisi tuna Kodi ya Numeriki ya Machi 2023 (si kodi ya kulipa, jamani, ni mkusanyo wa sheria za mambo ya kidijitali!), yenye sehemu za taarifa binafsi na makosa ya kompyuta. Waseme tu kwamba sauti yangu imo humo.

Mama yetu sasa hatumi tena sauti. Anaandika, na tunamtambua kwa makosa yake ya herufi.