Redio ya valvu inavuma: kapasita zifufuliwe au zibadilishwe?

SWALI: Redio yetu ya valvu (EZ80 ya kugeuza umeme kuwa DC na EL84 ya kukuza sauti) ilikaa kabatini miaka mingi. Sasa inavuma mfululizo, sauti inakwaruza na EL84 inachemka kupita kiasi. Fundi anasema kapasita (vifaa vya kuhifadhi chaji) zikitiwa umeme taratibu zitafufuka. Ni kweli?

JIBU: Nusu kweli. Kapasita ya elektroliti ikikaa bila umeme, utando wake wa oksidi huchakaa. Ukiipa umeme kupitia rezista ya kilo-omu 47 kwa saa kadhaa, utando hujijenga upya. Iliyokauka au kuvimba haifufuki. Kwa mvumo huo weka mpya mbili, mikrofaradi 47 kwa volti 450, usikosee chanya na hasi. Ya kwanza, inayofuata EZ80, usiizidishe: mwisho ambao EZ80 inahimili ni mikrofaradi 50.

Mhalifu mkubwa ni kapasita ya karatasi inayopeleka sauti kwenye EL84. Karatasi hunyonya unyevu, na hiyo haina dawa. Redio ikiwaka, pima volti kati ya pini ya 2 ya EL84 na chasisi (fremu ya chuma): iwe karibu sifuri. Ukiona hata volti 2 chanya, mara nyingi umeme unavuja kwenye kapasita hiyo na ndio unaoichemsha valvu. Weka ya plastiki yenye thamani ileile (mara nyingi mikrofaradi 0.01 au 0.022), volti 630. Za mika ziache, kwa kawaida hazina kosa.

Kabla ya kushika chochote, chomoa plagi, kisha toa chaji ya kapasita kwa rezista ya kilo-omu 10, wati 5, si kwa bisibisi. Halafu pima uhakikishe chaji imeisha.