Nyumba ya Rotterdam

SWALI: Mhariri, asalaam aleikum. Mwanangu anataka kununua fleti katika mtaa wa kawaida wa Rotterdam, Uholanzi. Mimi nimezoea mauziano ya hapa Ngamiani, mbele ya mashahidi na mwenyekiti wa mtaa. Je, huko mnunuzi analindwa na nini?
Mama wa Ngamiani, Tanga

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Mnunuzi akishapokea nakala ya mkataba uliosainiwa, sheria humpa siku 3 za kughairi bila kutoa sababu wala kulipa faini. Umiliki wenyewe huhama pale tu hati inaposainiwa mbele ya notari (mwanasheria anayethibitisha hati) na kusajiliwa katika daftari la ardhi la taifa, Kadaster.

Linalotutia wasiwasi zaidi liko chini ya sakafu. Nyumba nyingi za zamani za Rotterdam zimesimama juu ya nguzo za mbao zilizokitwa ardhini, na maji ya chini ya ardhi yakishuka, vichwa vya nguzo hizo hupata hewa na kuoza. Matengenezo yake, mama, ni mzigo mzito. Mwanao adai ripoti ya hali ya msingi wa jengo hata kama dalali anaharakisha, kisha aulize akiba ya chama cha wamiliki wa jengo, maana gharama hizo hugawanywa miongoni mwao.