Fremu ya kinga imechomelewa: je, bado itanilinda trekta likipinduka?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nimenunua trekta lililotumika, la nguvu za farasi hamsini hivi, lenye fremu ya kinga ya nguzo mbili nyuma ya kiti, ile inayokunjwa. Nilipokwangua tope nimekuta nguzo ya kushoto imechomelewa karibu na kitako, na juu yake kuna tundu mtu alilotoboa afungie taa. Mkanda wa kiti haupo kabisa. Aliyeniuzia anasema chuma kikichomelewa vizuri huwa kigumu kuliko mwanzo. Nipige rangi nianze kulima, au kuna la kufanya kwanza?

JIBU: Salama, ndugu yangu, na ahsante kwa kukwangua kabla ya kupiga rangi. Rangi ingekuficha yote haya. Jibu langu ni fupi: usilime na fremu hiyo. Ivue, tafuta nyingine iliyotengenezwa kwa ajili ya modeli ya trekta lako, na mpaka ipatikane trekta lipumzike.

Anachosema aliyekuuzia kinaweza kuwa kweli kwa geti la chuma. Kwa fremu ya kinga si kweli, kwa sababu kazi ya fremu si kuwa ngumu tu. Imeundwa ipinde. Trekta likibiringika, nguzo hupokea kishindo, hupinda kwa kipimo, hula ile nguvu ya anguko, na mwisho wake bado nafasi ya mtu kitini inabaki. Ndiyo maana kiwandani aina ya fremu hujaribiwa kwa kusukumwa kutoka nyuma, kusukumwa kutoka ubavuni, kisha kukandamizwa kutoka juu. Sasa moto wa kuchomelea hubadilisha chuma kilicho kando ya mshono. Mahali palipokuwa papinde pataweza kukatika ghafla. Tundu nalo ni mlango wa ufa, tena hapo karibu na kitako ndipo nguvu zinapokusanyika. Hili halitibiki kwa kuongeza bamba la chuma juu yake. Watengenezaji hukataza kuchomelea, kutoboa na kunyoosha fremu, na mimi nasimama nao.

Kuna swali linalonisumbua zaidi ya mshono wenyewe: kwa nini ilichomelewa? Huenda trekta hilo limewahi kupinduka. Simama nyuma yake hatua kumi, uitazame fremu ikiwa imesimamishwa. Kisha chukua tepu, pima kutoka kona ya juu ya kushoto hadi kitako cha kulia, halafu kinyume chake. Vipimo viwili vikitofautiana, fremu imepinda. Angalia pia madigadi, usukani na boneti, kama kuna mahali palipogongwa pakanyooshwa. Fremu iliyokwisha kupokea anguko moja imemaliza kazi yake, hata kama kwa macho inaonekana imenyooka.

Usikubali kutengenezewa fremu ya mabomba na fundi wa karibu, hata awe hodari kiasi gani. Nasema hivi nikiwa fundi mwenyewe. Fremu nene kupita kiasi haipindi, hivyo kishindo chote kinashuka kwenye bolti na kwenye nyumba ya ekseli, na hapo ndipo panapovunjika. Fremu halali ina kibao au kibandiko chenye jina la mtengenezaji, modeli za matrekta inazofaa, uzito wa juu inaoweza kubeba na kiwango ilichotimiza, kama ISO 5700 (kiwango cha kimataifa cha kujaribu fremu za kinga za matrekta) au mojawapo ya kanuni za majaribio ya matrekta za OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi mbalimbali. Linganisha uzito huo na wa trekta lako pamoja na vyuma vya uzito na maji ya kwenye matairi, kama unavitumia. Usikipige rangi kibao. Na kivuli cha turubai au bati juu ya dereva si kinga ya kupinduka. Ni kivuli tu.

Fremu nyingine ikifika, nayo ikiwa imetumika, anza na kitako. Tope na samadi hukaa pale, maji hayatoki, na kutu hula chuma kwa ndani huku nje kunang'aa. Nimewahi kugonga kitako cha namna hiyo kwa nyundo ndogo: juu chuma kililia kama kengele, nikishuka sauti ikafa, na bisibisi ikazama kwenye maganda ya kutu kama inavyozama kwenye ukuni uliooza. Fremu ya hivyo irudishe. Kutu ya juujuu tu haina neno: brashi ya waya, rangi ya kuzuia kutu, basi.

Bolti zitumike za kipimo na daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha trekta. Kichwani mwa bolti ya milimita utaona namba kama 8.8 au 10.9; yenye namba ndogo kuliko inayotakiwa usiifunge, hata ikiingia vizuri. Kaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, wala si kwa kukisia mkono. Baada ya saa chache za kazi rudia kukagua. Kwenye maungio ya kukunjia, pini ziwe za asili, zisicheze kwenye matundu yake, na kila moja iwe na kibanio chake. Msumari uliopindwa si pini.

Sasa mkanda, ambao watu wengi huuona kama pambo. Fremu hulinda nafasi iliyo kuzunguka kiti. Ukirushwa nje ya nafasi hiyo, fremu yenyewe inaweza kukuangukia. Wapo wanaosema wataruka. Trekta linaloinuka mbele na kupinduka kwa nyuma hufika mahali pasipo na kurudi ndani ya robo tatu ya sekunde hivi. Hakuna mguu unaowahi hapo. Weka mkanda mpya, ufungwe kwenye sehemu zilizoundwa kwa kazi hiyo, ukae chini ya tumbo, juu ya nyonga. Kama kiti chako hakina sehemu hizo, badili kiti. Kila msimu kagua kingo za mkanda kama nyuzi zimekatika, na rangi kama imefifia kwa jua, kisha vuta kwa nguvu kuona kama kifungio kinashika.

Ila fremu ikiwa imekunjwa, usifunge mkanda, maana utakuwa umefungwa kwenye kiti kisicho na kinga. Ikunje tu pale matawi au paa la banda vinapokulazimu, na ukitoka isimamishe kabla ya kwenda popote.

Jambo jingine linalogusa hayo yote: usivute mzigo kwa kufunga mnyororo kwenye fremu au kwenye ekseli. Vuta kwa ndoano ya nyuma iliyo chini. Mnyororo uliofungwa juu ndio unaoinua pua ya trekta.

Na taa yako ifunge kwa klempu inayokumbatia nguzo, juu ya maungio, isizibe pini wala kibao.