Jioni mbili Dublin: anzia Glasnevin

Dada, umeuliza uende baa ipi ya kienyeji Dublin kwa jioni zako mbili, na kama asiyekunywa pombe atapokewa. Utapokewa vizuri tu. Agiza soda, hakuna atakayekushangaa.

Jioni ya kwanza nenda Glasnevin, kwa John Kavanagh, baa iliyofunguliwa 1833 kando ya makaburi. Wenyeji huiita baa ya wachimba kaburi. Hamna muziki wala televisheni: ni mbao kuukuu, watu na mazungumzo. Mtazame mhudumu akimimina Guinness: anajaza kama robo tatu, anaiacha itulie dakika mbili hivi, ndipo anamalizia. Usimharakishe. Coddle, mchuzi wao maarufu, una soseji na nyama ya nguruwe, kwa hiyo kama huli, jihadhari.

Jioni ya pili nenda baa ya Cobblestone, mtaa wa Smithfield, na hii naipenda kuliko zote. Wapiga fidla na filimbi hukaa kwenye kona, bila jukwaa. Viti vyao viache, na ukiwa karibu nao punguza sauti. Mwaka 2021 watu waliandamana kupinga mpango wa kujenga hoteli hapo, na halmashauri ya jiji ikakataa kutoa kibali. Wahi mapema, panajaa haraka.