Grafu inayoanzia 1989

Juzi nimekaa viti vya nyuma, daktari mmoja kijana anawasilisha machapisho ya Barry Marshall, daktari wa Australia aliyegundua na mwenzake bakteria wanaosababisha vidonda vya tumbo. Slaidi ya pili: grafu safi ya machapisho yake kwa kila mwaka, rangi zimekolea, nguzo ya kwanza imesimama 1989. Nikainamisha kichwa. Huyo ni wa tatu mwaka huu. Wadogo zangu, nawapenda, lakini shimo hilo nilitumbukia mimi kabla yenu.

1. Bakteria hubadilishwa majina. Helicobacter pylori, ndiye huyo wa Marshall, alipewa jina hilo 1989. Kabla ya hapo aliitwa Campylobacter pyloridis, halafu Campylobacter pylori, na mwanzoni kabisa hakuwa na jina. Makala ya Marshall na mwenzake Robin Warren katika jarida la tiba la Lancet, 1984, ile ya wagonjwa 100, kichwa chake kinasema tu basili (bakteria wenye umbo la fimbo) waliopinda wasiotambulika. Haya, andika "Helicobacter" kwenye kisanduku cha PubMed, hazina ya mtandaoni ya makala za tiba, chagua vichwa tu, uone kama utaipata.

Mimi sikuipata. Nilikuwa mwaka wa kwanza wa uzamili, kazi natakiwa niiwasilishe asubuhi, na saa sita usiku ndiyo kwanza naanza. Matokeo yalikuwa maelfu, nikaona dawa ni vichujio. Nikabana vichwa tu. Kisha nikaondoa barua kwa mhariri, maana kwa akili zangu za wakati ule barua zilikuwa porojo za wazee. Kumbe taarifa ya kwanza kabisa, Juni 1983, ilitoka Lancet kama barua mbili, moja ya Warren na nyingine ya Marshall. Nilichotumwa kukitafuta nilikifuta kwa mkono wangu mwenyewe, nikaenda kulala nimeridhika.

Asubuhi nikasimama mbele ya idara nzima, nimevaa tai ya kuazima, nikatamka bila kutetereka kwamba mtafiti huyu alianza kuandika kuhusu bakteria hawa mwaka 1989. Profesa alikuwa anasaini makaratasi. Kalamu ikasimama.

"Daktari, aliwanywa mwaka gani?"

Nikajibu 1984. Marshall kunywa bakteria hao makusudi ili ajijaribu mwenyewe, hilo nani asiyelijua?

"Kwa hiyo alikaa nao tumboni miaka mitano ndipo akakumbuka kuandika?"

Walicheka mpaka mtu wa projekta. Tangu siku hiyo nikawa "Themanini na Tisa", na yupo mwenzangu mmoja, sasa bingwa mkubwa tu, ambaye hadi leo akinipigia simu haniiti jina lingine.

2. Ukitafuta kwa jina la mwandishi, akina Marshall B wako wengi, wengine hata si madaktari. Tumieni namba ya utambulisho ya mwandishi.

3. Indeksi ya h, yaani una makala h ambazo kila moja imerejelewa angalau mara h, si mizani ya ushawishi. Jorge Hirsch aliipendekeza 2005, mwaka uleule Marshall na Warren walipopewa Nobeli. Mwenye makala 5, kila moja imerejelewa mara 1,000, ana h ya 5. Mwenye makala 5 zilizorejelewa mara 5 kila moja, naye ana 5. Mkitaka ushawishi, tazameni wagonjwa wanaandikiwa nini. Mwaka 1994 jopo la NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani, lilipendekeza antibiotiki kwa wenye vidonda vya tumbo waliokutwa na bakteria hawa. Hesabuni kutoka zile barua: miaka 11, na muda wote huo watu wanameza dawa za kupunguza asidi, kidonda kinapona, kinarudi.

4. Someni makala yenyewe, jamani! Marshall hakupata vidonda alipokunywa. Alipata gastritisi, uvimbe wa ukuta wa tumbo: kichefuchefu, kutapika, na endoskopi (kipimo cha kamera tumboni) ya siku ya 10 ikaonyesha bakteria wamejaa. Imeandikwa katika Medical Journal of Australia ya 1985.

5. Ikisiri, yaani muhtasari wa kazi unaotuma mkutanoni, ikikataliwa, lia siku moja tu. Ya Marshall ilikataliwa 1983 na chama cha madaktari wa tumbo cha nchini kwake.

Yule kijana wa juzi alinifuata mlangoni, uso umemshuka. Nikamwambia afungue kompyuta palepale koridoni. Tukaondoa vichujio, tukaongeza majina ya zamani, na kule kushoto kabisa ikachomoza nguzo ya 1983, fupi kama kidole. Akaitazama kimya. Halafu akaniuliza kama aipake rangi yake peke yake.