Siku tatu kimya: niwaandikie tena watu wa Linux?

Ndugu wa Kondele, unasema Wi-Fi ya laptopu yako hukatika kila ukiifungua baada ya laptopu kulala (sleep), ukawaandikia watunzaji wa keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi wa Linux, na siku tatu zimepita bila jibu. Usiwasukume bado. Ni vyema ungoje kama wiki moja kwanza.

Lakini nashuku barua haikufika. Uliituma kwa Gmail ya simu, ambayo huweka HTML (misimbo ya kupamba maandishi) ndani, na seva zao huikataa. Tazama kikasha chako, hata kwenye taka, kama kuna barua iliyorudishwa. Ikiwepo, sakinisha Thunderbird (programu ya barua pepe ya kompyuta), zima HTML kwenye mipangilio ya akaunti, ndipo utume upya.

Kichwa “Naomba msaada” hakimwambii mtu lolote. Weka jina la kiendeshi (driver, programu inayoendesha kadi ya Wi-Fi), toleo la keneli (amri uname -r itakupa), kisha hitilafu: “Wi-Fi hairudi baada ya kulala”. Kwa Kiingereza, bila shaka. Ndani, taja toleo la mwisho lililofanya kazi sawa, kama lipo. Hilo pekee humpunguzia mtunzaji kazi kubwa. Bandika mistari ya dmesg (amri inayoonyesha ujumbe wa keneli) ya wakati Wi-Fi ilipokatika, kama maandishi. Maneno yaliyo kwenye picha ya skrini hayawezi kutafutwa.

Salamu ndefu punguza. Kwetu ni heshima, kule wataziruka tu.

Wakijibu, tuma jibu lako kwa wote walionakiliwa (CC), si mmoja. Andika chini ya maneno yao, ukifuta usiyoyajibu.